Tuda Mchakaza Nguo wa Warzazat

Ipo miji inayouza samaki, ipo inayouza chuma, na Warzazat huuza kuwa mahali pengine. Wiki hii ni Yerusalemu, mwezi ujao ni Misri ya mafarao, na mwaka fulani watu wa filamu walitumwagia povu jeupe mlimani tukawa nchi ya watawa wa theluji. Muuza nyama wa soko la mtaa wetu wa Taurirt ameuawa mara kumi na tisa, mara nyingi kwa mkuki, na mke wake husema kwamba nyumbani hata ugonjwa hajui kuuigiza. Kinyozi naye hununa kila wanapokuja kuchagua watu wa umati, maana wanaume wote huacha kunyoa ndevu mwezi mzima kabla.

Tuda hakuonekana katika filamu hata moja. Zilizoonekana ni nguo.

Kazi yake ilikuwa kuchakaza. Nguo zilifika kutoka Kasablanka zikiwa mpya, zimekunjwa, zinanuka kiwanda, na msimamizi wa mavazi alizitaka ziwe na umri wa miaka ishirini ifikapo Alhamisi. Uani kwake kulikuwa na masufuria ya maganda ya komamanga na ya jozi, ndoo ya masizi, mafuta ya kondoo yaliyoanza kuvunda, tupa ya seremala, mawe ya mtoni ya kila ukubwa, na mbuzi mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutafuna pindo. Mjane huyu wa miaka hamsini na saba aliweza kuchukua kanzu iliyotoka dukani asubuhi, na jioni ukaiona ukadhani marehemu ameivua sasa hivi.

Alikuwa na sharti moja. Kabla hajaigusa nguo aliuliza, "Ya nani hii?"

Msimamizi akijibu kwamba ni ya watu wa umati tu, hakuanza. "Umati hauna magoti," alisema. "Nipe mtu."

Akishapewa mtu, mchunga kondoo au mbeba maji au mwanamke wa tanuri, mikono yake ilijua pa kwenda. Mbeba maji huchakaa bega moja. Mcha Mungu huchakaa magotini. Mtu mwoga huchakaa ncha za mikono ya nguo, kwa sababu huzishikashika. Wanaochakaza ovyo husugua nguo nzima kwa hasira, ikatoka kama tambara la kupigia deki. Nguo ya kweli, alisema Tuda, huzeeka pale mtu alipoitumia.

Binti yake wa pekee, Ijja, alikua akivaa masalia ya kazi hiyo. Filamu ikiisha, nguo ambazo hazikurudishwa ghalani zilipunguzwa na kushonwa upya, naye akaenda nazo shuleni. Wenzake walimwita Yatima wa Roma. Alipofikisha miaka ishirini na minne, akiwa muuzaji katika duka la dawa, mwenye koti jeupe alilolipiga pasi kila siku, jina hilo lilikuwa limesahauliwa na kila mtu isipokuwa yeye.

Mchumba wake alikuwa Addi, fundi umeme kutoka Skura, kwenye mitende, mwendo wa chini ya saa moja kwa teksi. Kijana hakuwa na tatizo. Aliyekuwa na neno ni mama yake, Yezza, aliyeitwa Lalla kwa heshima kama mama wote wa huku, mwanamke mrefu, mkavu, mfumaji ambaye mazulia yake yalijulikana bonde zima hata kabla ya kuona alama yake. Siku ya kuja kuposa alikunywa chai glasi tatu, akamtazama mbuzi.

"Huyu naye yumo kwenye sinema?"

"Pindo tu, Lalla," akasema Tuda.

"Na ule mji wa huko nje barabarani, wenye kuta kubwa. Nimepita na teksi, nikaona nyuma yake ni mbao."

"Ni mbao na jasi. Mvua ikinyesha sana unaanguka."

"Mimi nimefuma miaka arobaini ili kitu kisianguke." Lalla Yezza akaiweka glasi chini. "Binti yako nimempenda. Ana macho ya mtu anayesoma dawa kabla ya kuitoa. Sina masharti mengi. Nina moja. Kitu cha uongo kisiingie katika harusi ya mwanangu."

"Hakitaingia," akasema Tuda.

Kule Skura biarusi hatoki kwao kichwa wazi. Hutoka amefunikwa joho jeupe la sufu, alilofumiwa na mama wa bwana arusi kwa mkono wake, tangu kusokota uzi hadi fundo la mwisho. Hulifuma katika chumba cha ndani, mlango umefungwa, kwa sababu joho la biarusi halionwi na jicho la jirani likiwa bado kwenye mtambo wa kufumia. Lalla Yezza alilifuma kwa mwaka mmoja. Kwenye pembe alifunga mafundo saba mekundu ya kuzuia husuda.

Ijja alilisubiri joho hilo kuliko alivyosubiri kitu kingine chochote cha harusi. Nguo za sherehe ni za kukodi kwetu, zimevaliwa na maarusi mia. Joho tu ndilo lingekuwa lake, na jipya.

Harusi iliwekwa Ijumaa ya Oktoba, tende zikishashushwa. Na wiki hiyohiyo, kama kawaida ya mambo, ikaja kazi kubwa: majoho arobaini ya sufu nyeupe, ya kijiji kinachokimbia vita fulani vya kale.

"Ya nani haya?" Tuda akauliza kwenye simu.

"Ya wakimbizi, Lalla Tuda," akajibu msimamizi wa mavazi. "Wakimbizi arobaini. Nakuomba, safari hii usiniulize majina yao. Lori linakuja kuyachukua Jumanne jioni."

Kulikuwa na harusi, kulikuwa na unga wa kukanda, wageni wa kulaza. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini Tuda akaanza bila jibu.

Alikuwa na msaidizi, jirani yake Rabha, mwanamke mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Jumatatu alfajiri dereva wa teksi alisimama mlangoni, akamkabidhi Rabha gunia la unga lililofungwa kamba, akasema, "La Lalla Tuda hili," akaenda zake. Magunia ya kazi yalikuwa yamerundikwa ukutani, nayo yalikuwa magunia ya unga vilevile. Rabha akalitupa juu ya mengine.

Walifanya kazi siku mbili kama watu wanaozima moto. Walichovya, walisugua, walianika, wakachovya tena. Majoho yalitoka yote yamefanana, mabaya kwa namna moja, na Tuda alijua, akaendelea kuchovya. Jumatatu hiyohiyo, baada ya adhuhuri, mkono wake ukaingia kwenye gunia ukakutana na sufu ya aina nyingine. Ilikuwa laini na nzito, uzi wake umesokotwa kwa mkono.

"Kasablanka leo wamekosea wakatuletea kitu kizuri," akasema.

"Basi kiharibu upesi kabla hawajagundua," akasema Rabha.

Hakuliharibu upesi. Alikaa chini nalo. Sufu kama hiyo ilidai mtu, naye akaipa mtu: mwanamke wa shamba, mama wa watoto watano, mmoja alikufa mdogo. Akalisugua bega la kushoto kwa jiwe laini, taratibu, pale kitambaa cha kubebea mtoto kinapokatia. Akaweka kivuli cha maziwa kifuani kwa maji ya mchele. Akalishika juu ya moshi wa tanuri, upande mmoja tu, upande ambao mwanamke huinamia mkate. Pembeni aliona mafundo saba mekundu, akasema huyu mbunifu wa mavazi safari hii kafanya kazi yake, akayafifisha kwa ndimu na jua hadi yakawa rangi ya udongo. Mbuzi alipewa pindo kidogo, kisha akanyang'anywa. Wakimbizi waliobaki walimaliziwa na Rabha.

Jumanne alasiri walikuwa wakikunja mzigo. Rabha alihesabu, akahesabu tena.

"Arobaini na moja," akasema. "Yule mwanamke wako wa watoto watano ameongezeka kwenye safari."

Mlango ukafunguliwa, Ijja akaingia na koti lake la duka la dawa mkononi.

"Mama, Addi amepiga simu. Anauliza kama joho limefika. Mama yake alilituma jana na teksi, kwenye gunia la unga."

Mbuzi pekee ndiye aliyeendelea kutafuna.

Tuda alilichukua joho kutoka juu ya rundo, akaligeuza hadi pembeni, akayatazama yale mafundo. Ijja akayaona pia. Alikuwa ameambiwa juu ya mafundo hayo.

"Ndilo hili?" akauliza.

"Ndilo."

Ijja hakulia palepale. Alilishika, akaliweka begani, akalitoa. "Tangu nina miaka mitatu, Mama, kila kitu nilichovaa kilikuwa na mtu mwingine ndani yake. Nilitaka kimoja tu kisicho na mtu." Kisha akaingia ndani.

Lori lilipokwisha kuondoka na wakimbizi wake arobaini, Tuda aliwasha moto chini ya sufuria kubwa. Alijaribu mzizi wa sabuni ambao wanawake wa milimani huoshea manyoya. Alijaribu udongo mweupe, akajaribu moshi wa kiberiti ambao husafisha sufu. Bega la kushoto halikurudi. Kivuli cha maziwa kilibaki pale pale, kimetulia. Rabha alimwangalia akisugua mpaka akachoka kumwangalia.

"Lalla, wewe fundi. Huwezi kulirudisha?"

"Miaka thelathini watu wameniletea vipya wakataka vikuukuu," akasema Tuda. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kutaka kinyume. Sijui njia yake."

"Basi tuseme teksi ilichukuliwa na mafuriko."

"Mafuriko ya wapi, Rabha? Mto ni mkavu tangu Machi."

"Tuseme tumeibiwa."

"Aliniomba kitu kimoja tu yule mama."

Jumatano asubuhi Tuda alivaa shuka lake safi, akalikunja joho ndani ya kitambaa, akapanda teksi ya Skura pamoja na abiria watano na kuku. Alichokuwa amebeba magotini alikijua: kama Lalla Yezza angekasirika kiasi cha kusema hapana, harusi ilikuwa ya keshokutwa, na Ijja angerudi nyuma ya meza ya duka la dawa, mji mzima ukijua kwa nini.

Alimkuta Lalla Yezza kwenye tanuri, mikono ina unga hadi viwikoni.

"Mkwe anakuja siku mbili kabla," akasema Lalla Yezza. "Kuna aliyekufa?"

"Hapana, Lalla. Lakini nimekuja na msiba."

Wakaingia chumba cha ndani. Mtambo ulikuwa bado umesimama, mtupu. Tuda alilikunjua joho juu ya mkeka, akaeleza yote, gunia, dereva, Rabha, mikono yake mwenyewe. Hakumtupia mtu lawama, na hakulia, kwa kuwa aliona kulia kungekuwa kumwomba mwenzake huruma juu ya hasara yake.

Lalla Yezza alipiga magoti. Hakuligusa mwanzoni.

"Mwaka mzima," akasema. "Uzi wa kwanza niliusokota wakati wa mlozi kuchanua."

"Najua."

"Hujui. Wewe umekaa nalo saa ngapi?"

"Mchana mmoja."

"Mchana mmoja umekula mwaka wangu." Akalivuta karibu. Kidole chake kikaenda kwenye bega, kikasimama. Kikashuka kifuani. Akainama akanusa ule upande wa moshi. "Nani amelivaa hili?"

"Hakuna mtu. Nililitengenezea mtu."

"Ana watoto."

"Watano. Mmoja alikufa mdogo."

Lalla Yezza alirudisha kidole begani. "Na kwa nini bega la kushoto?"

"Kwa sababu mkono wa kulia uko kwenye mkate."

Lalla Yezza alikuwa anafungua kinywa, na pengine ndiyo ile hapana ingetoka, mlango ukasukumwa. Aliingia Bi Hennu, wifi yake mkubwa, mwanamke wa miaka themanini ambaye hakubisha hodi katika nyumba yoyote ya ukoo. Alikuja kuuliza juu ya sufuria za kuazima. Akaliona joho.

"Hili la nani?"

Tuda aliangalia mkeka. Lalla Yezza, mwanamke wa sharti moja, alikuwa na wifi mbele yake, mtambo mtupu nyuma yake, na wageni mia mbili njiani.

"La bibi yangu," akasema. "Bibi Mamas. Nimelitoa sandukuni. Biarusi atatoka nalo."

Bi Hennu alishuka mkekani taratibu, goti moja kisha la pili. Akaushika ule upindo uliotafunwa. Macho yake yakajaa maji.

"Nalikumbuka," akasema. "Wallahi nalikumbuka. Alilivaa mwaka wa nzige. Alinifunika nalo mimi nikiwa mtoto, hapa, upande huu. Linanuka tanuri lake mpaka leo." Kisha akageuka. "Lakini si nilisikia unafuma jipya?"

"Nani alikwambia nafuma? Uliingia chumbani kwangu?"

"Mimi? Mimi sijaingia."

"Basi."

Bi Hennu alipotoka kwenda kuitangazia nyumba ya pili na ya tatu, sufuria zikiwa zimesahauliwa, Lalla Yezza alibaki amepiga magoti, viganja juu ya mapaja.

"Umenitia uongo mdomoni, Tuda."

"Sikuutia mimi, Lalla. Umetoka wenyewe."

"Na yule mwongo mwenzangu, mwaka wa nzige alikuwa hajazaliwa." Pembe ya mdomo wake ilitikisika, akairudisha mahali pake. "Sasa bonde zima litakuja kulitazama. Wako wazee wanne bado hai waliomjua bibi yangu. Nao siyo Hennu. Wana macho."

Tuda alijivuta karibu na joho. Halafu, kwa sauti ileile aliyowahi kuwaulizia wachunga kondoo na wabeba maji wa nchi zisizokuwepo, akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Lalla Yezza akasema bibi yake alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mkate aliushika kwa kushoto, na watoto aliwabeba kulia.

"Nitaongeza la kulia," akasema Tuda. "La kushoto nitaliziba kwa uzi, lionekane lilishonwa. Mtu hushona pale anapopenda nguo. Endelea."

Alikuwa mfupi. Joho liliburuzika nyuma yake. Alitembea na fimbo baada ya kuanguka kutoka kwenye mtende, maana alipanda mtende akiwa na miaka sitini, kwa kushindana na mume wake. Mfukoni alikuwa na tende daima, na watoto wote wa mtaa walijua mfuko gani. Siku moja taa ya mafuta ilimwangukia akiwa anamnyonyesha mama yake Yezza, na akaizima kwa kulikumbatia joho, mtoto yuko upande wa pili.

"Tundu kubwa kiasi gani?"

"Hivi." Lalla Yezza alionyesha ncha ya kidole gumba. "Hapa. Mimi nilikuwa nikiingiza kidole humo nikilala. Nilikuwa nimesahau."

Aliondoka akarudi na kaa la moto kwenye koleo, na tende mbili zilizoiva mno, na fimbo iliyokuwa nyuma ya mlango. Tuda alifanya kazi, mwenzake akasema. Mkate ulioachwa tanurini uliungua na hakuna aliyeinuka. Kila mara Lalla Yezza alimkatiza: siyo hapo, chini kidogo, mfuko wa kulia, siyo huo, hakuwa mchafu hivyo, bibi yangu aliosha. Adhuhuri ilipoadhiniwa, joho lilikuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo alikuwa na jina.

Jioni Tuda alimweleza Ijja yote, pamoja na mkate ulioungua. Ijja alisikiliza huku akipiga pasi koti ambalo halikuwa na haja ya kupigwa pasi.

"Kwa hiyo litakuwa bado la mtu mwingine," akasema.

"Ndiyo."

"Lakini huyu angalau nitamjua."

"Huyu utamjua. Akina Hennu watakuchosha naye."

Ijumaa Ijja alitoka nyumbani kwao Taurirt amefunikwa joho kuukuu la Bibi Mamas, na wanawake wa Skura waliokuja kumchukua walipolitambua vigelegele vyao vilikatika katikati, kisha vikapanda mara mbili. Mzee mmoja wa kike, mmoja wa wale wanne, alilishika pindo, akaingiza kidole kwenye tundu la taa, akamtazama Lalla Yezza. Lalla Yezza akatazama mlima. Yule mzee alikitoa kidole chake, akakibusu, akampisha biarusi.

"Zito," Ijja alinong'ona alipompita mama yake.

"Vumilia," akasema Tuda.

Kazi zote za Tuda zilikwenda hivyo, hazina jina lake. Hii pia. Tangu siku ile ameketi katika hafla nyingi za Skura akisikiliza sifa za joho la Bibi Mamas, jinsi watu wa zamani walivyojua kufuma, siyo kama hawa wa leo, na hutikisa kichwa kukubali pamoja na wengine. Lalla Yezza, ambaye husikia marehemu akisifiwa kwa joho ambalo yeye Yezza ndiye aliyelifuma, humpitishia karanga bila kumtazama.

Baridi ilipoingia ilikuja salamu na dereva yuleyule wa teksi. Lalla Yezza amesema magunia ya sufu yamefika, na kwamba mtoto wa watu bado anadai joho jipya, na aliyelila la kwanza ndiye atakayesaidia kulifuma. Tuda alikwenda. Hukaa sasa kila Jumapili katika chumba cha ndani, upande wa pili wa mtambo, akipitisha uzi kwa ugumu wa mwanafunzi, na Lalla Yezza hufumua nusu ya alichofuma. Ijja huwaletea chai hadi mlangoni na haingii, kwa sababu biarusi, hata wa miezi mitatu, halioni joho lake kabla halijakatwa mtamboni.

Shida ni mikono. Kitambaa kinapanda kidole kwa kidole, cheupe, hakina mtu, na Tuda akisahau kidogo, gumba lake huanza kusugua ukingoni, taratibu, pale kiwiko kitakapokuja kukaa.

"Tuda," husema Lalla Yezza bila kuinua macho. "Mikono."

Naye huirudisha magotini.